Mlango wa Pili wa Duka Lako

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza kila mwezi juu ya nyumba na riziki yake. Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo wazee wengi wenye maduka hulidharau, na vijana wengi hulichezea. Nalo ni namna duka dogo linavyojulikana, au linavyopotea, katika simu za watu wanaotafuta kitu karibu na hapo walipo.

Zamani mtu alipotaka fundi wa kanzu au muuza dawa, alikuwa akiuliza barazani. Akaambiwa: pita msikiti, kata mkono wa kuume, mlango wa tatu. Baraza ndilo lililokuwa ramani ya mji. Nalo halikumtaja mtu bure. Lilimtaja kwa wema aliyejulikana kwa kazi njema, na likamtahadharisha mgeni na yule aliyejulikana kwa hila. Baraza hilo halikufa, illa limepata mwenzake. Leo mgeni ashukaye Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, na hata mwenyeji wa mtaa wa pili, hutoa simu yake akaandika maneno mawili matatu: fundi cherehani, duka la dawa, pilau karibu nami. Mara hiyo huletewa majina machache pamoja na ramani, nambari ya simu, saa za kufungua, na nyota walizotoa watu waliotangulia.

Basi tufahamu vyema, mtu huyu si mpita njia atazamaye vitu dirishani. Haja anayo, na fedha anazo, na miguu yake imekwisha kutoka. Duka lisilokuwamo katika orodha ile, kwake yeye halipo. Na duka lililomo kwa khabari za uwongo lina hali mbaya kuliko lisilokuwamo, kwa sababu mtu aliyekwenda akakuta mlango umefungwa harudi tena, na akifika kwake huwasimulia wenziwe. Khasara hiyo haimwangukii mwenye duka peke yake. Huwaangukia watoto wanaongoja karo na chakula cha jioni.

Ramani hii haikushuka mbinguni. Ni watu wanaoiandika. Google Maps ilianza mwaka 2005. Ukurasa ambao mwenye biashara huuandika mwenyewe ndani yake uliitwa Google My Business tangu mwaka 2014, na tangu mwaka 2021 huitwa Google Business Profile. Hautozwi hata senti moja. Iko na ramani nyingine, OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Na katika mji wa Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, wanafunzi na wenyeji wa mitaa waliichora mitaa yao katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, ili ijulikane wapi maji ya mvua hufurika. Maana yake ni kuwa kama wewe hukuisema khabari ya duka lako, yawezekana mtu mwingine akaisema kwa niaba yako, naye akakosea.

Vijana hutuuliza: je, simu huchagua vipi duka la kutanguliza? Google wenyewe wametaja mambo matatu. La kwanza ni mnasaba, yaani kama biashara yako yalingana na kile anachokitafuta mtu. La pili ni umbali, toka hapo alipo mpaka mlangoni kwako. La tatu ni umaarufu, yaani jinsi unavyojulikana, na ndani yake mna idadi ya maoni ya wateja na nyota zao. Umbali huna uwezo nao, kwani duka haliwezi kubebwa kichwani likapelekwa kwa kila mteja. Lakini mambo mawili yaliyobaki yamo mikononi mwako, nayo hujengwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni ukweli ulioandikwa vizuri na kutunzwa. Nafasi ya mbele katika orodha hiyo hainunuliwi. Matangazo ya kulipiwa yapo, lakini hayo huwekewa alama ya kuwa ni tangazo, nayo ni jambo jingine.

Sasa tuyaeleze mambo yenyewe moja moja.

Kwanza, jina. Andika jina lile lile lililo kwenye ubao wa mlangoni, wala usizidishe. Wako watu ambao, badala ya jina, huandika mkufu mrefu: fundi bora, bei rahisi, kanzu, mabuibui, sare za shule, mji mzima. Wadhani wanaierevukia simu. Kanuni zenyewe zakataza jambo hilo, na ukurasa unaofanya hivyo waweza kusimamishwa ukatoweka siku ambayo mwenyewe hakuitazamia, pengine katikati ya msimu wa Idi.

Pili, mahali. Mtu aijuaye Mji wa Kale wa Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja ajua ya kuwa alama ikikosewa kwa hatua ishirini tu, mgeni huibukia uchochoro mwingine kabisa. Chukua simu, simama mlangoni pako, uisogeze alama mpaka ikae juu ya mlango wenyewe. Na penye mitaa isiyokuwa na nambari za nyumba, ziko alama fupi za herufi na tarakimu ziitwazo Plus Codes, na kila moja hutaja kipande cha ardhi cha kadiri ya mita 14 kwa mita 14. Hupatikana bure katika ramani ile ile, na mtu aweza kuiandika hata katika karatasi ya risiti. Tanzania nayo ilifanya operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022. Basi aliyepata nambari ya nyumba na jina la mtaa asiache kuvitumia.

Tatu, saa. Hapa twataka kusimama kidogo, kwa sababu ndipo Waswahili tunapoumia zaidi kuliko watu wengine. Sisi huhesabu saa tangu kuchomoza jua, na simu huhesabu tangu usiku wa manane. Mzee akimwambia mjukuu wake, andika twafungua saa mbili, na mjukuu akaandika 2:00, basi duka limekwisha kutangazwa kwa ulimwengu kuwa hufunguliwa usiku wa saa nane, watu wamelala. Saa mbili ya asubuhi ni 8:00 katika simu. Saa kumi na mbili ya jioni ni 18:00. Hakikisha kwa macho yako.

Katika mlango huu huu wa saa, ukurasa wakuruhusu kuigawa siku moja mafungu mawili. Kama Ijumaa wafunga kwa ajili ya sala na kufungua baadaye, andika hivyo hivyo, wala usimwache mteja akagonga mlango mtupu. Kadhalika kuna nafasi ya saa za siku maalumu. Mwezi wa Ramadhani, duka lililozoea kufunga magharibi huenda likafunguliwa tena baada ya tarawehe. Na siku ya Idi, ambayo hufuata mwandamo wa mwezi, ziandike saa zako usiku ule ule habari ya mwezi inapothibitika. Ni kazi ya dakika tatu, na huwapunguzia watu safari ya bure.

Nne, nambari ya simu. Iwe moja, na iwe ile ile katika ubao, katika risiti, katika WhatsApp Business na katika ramani. Nambari ikibadilika, ibadilishe kote kwa siku moja. Na nambari iliyotangazwa sharti ipokewe. Mtu akipiga mara mbili asijibiwe, jina la pili katika orodha liko chini ya kidole chake.

Tano, aina ya biashara. Utatakiwa uchague aina moja iliyo kubwa, na waweza kuongeza nyingine mpaka tisa. Chagua ile ambayo kazi yako yenyewe ni hiyo. Ama katika maelezo, tumia maneno ambayo wateja wenyewe huyasema. Mtu hatafuti mtaalamu wa mavazi ya kiutamaduni. Atafuta fundi wa kanzu. Wenye lugha nyingine wakija mtaani kwako, andika na kwa lugha yao, lakini isiwe orodha ya maneno matupu. Iwe sentensi ya mtu mwenye akili zake.

Sita, picha. Picha ya kwanza na iwe ya mlango kama uonekanavyo kutoka njiani, maana ndiyo imfikishayo mgeni. Khalafu vitu vyenyewe uvifanyavyo. Picha uliyoichukua kwa mwenzako ukaibandika kama kazi ya mkono wako ni uwongo, hata kama hukufungua kinywa. Wala usipige picha wateja dukani ukaziweka hadharani bila ya idhini yao, khasa wanawake na watoto. Adabu yetu yakataza kabla ya sheria, na sheria nazo zimekuja, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, za kulinda khabari za watu binafsi.

Tuwageukie sasa mama zetu na dada zetu wafanyao kazi majumbani: wapikao vitumbua na sambusa za oda, washonao mabuibui, wapakao hina. Wengi wao huogopa kuingia katika ramani, wakisema, mimi sitaki nyumba yangu ijulikane na kila mtu. Khofu hiyo ni ya haki kabisa. Lakini dawa yake ipo. Biashara inayomfuata mteja kwake, au inayompelekea mzigo wake, haitakiwi kuionyesha anwani ya nyumba. Mwenyewe huiacha iwe ya siri, akataja tu mitaa anayoihudumia. Mteja huona jina, kazi, saa na simu. Mlango wa nyumba haoni. Basi mama aliyekuwa akiwauzia majirani watano aweza kupata oda kutoka mitaa mitatu, na sitara ya nyumba yake ikabaki vile vile. Mabinti wa nyumba wamsaidie mama katika jambo hili, nao wawe waangalifu wasiiandike anwani kwa kusahau.

Ukurasa ukisha kuandikwa, hauthibitiki mpaka Google wahakikishe kuwa biashara ipo na wewe ndiwe mwenyewe. Pengine hutuma nambari ya siri kwa simu au kwa barua pepe. Na mara nyingi sasa hutaka picha ya video, ionyeshe njia, ubao, vitu vya kazi, na wewe ukiufungua mlango kwa ufunguo wako. Nambari ile ya siri usimpe mtu yeyote anayekupigia simu kuiomba, ajapodai kuwa ni mkubwa wa Google.

Hapa twafika penye fitina kubwa, nayo ni umiliki. Mara nyingi mzee humwita kijana wa mtaani, au mpwa wake, akamwambia nifungulie hicho kitu. Kijana hufungua kwa barua pepe yake mwenyewe. Mwaka wa pili kijana amekwenda Oman kutafuta maisha, au wamekosana kwa ujira, na neno la siri amelisahau. Duka limehama, simu imebadilika, na ukurasa waendelea kuwapeleka watu kwenye mlango wa zamani. Mzee hawezi kugusa herufi moja. Njia ya kuudai ukurasa ipo, lakini ina usumbufu na ushahidi mwingi, na siku zapita.

Basi fanya hivi tangu mwanzo. Fungua barua pepe ya duka, si ya mtu. Wewe mwenye duka uwe ndiwe mmiliki wa ukurasa. Na kijana umwingize kama msimamizi, kwani ukurasa unazo daraja hizo mbili. Msimamizi hufanya karibu kazi zote, na siku ya kuachana humtoa bila ya ugomvi. Hatusemi haya kwa kuwadhania vijana vibaya. Twasema kwa kuwa mkataba ulio wazi ndio uwalindao wote wawili, na undugu hubaki. Wewe huwezi kumpa mtu hati ya nyumba yako aiandike kwa jina lake ati kwa sababu yeye ajua kusoma zaidi. Ukurasa huu nao leo ni sehemu ya mali ya duka.

Na duka likihama, usifungue ukurasa mpya ukauacha wa zamani. Badilisha anwani katika ule ule, ili maoni ya wateja wa miaka yote yahame pamoja nawe. Kurasa mbili za duka moja humbabaisha mteja.

Sasa tuje kwenye nyota na maoni, na hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu watege masikio.

Nyota ni kipimo. Muuza nyama ana mizani, muuza nguo ana futi, na mgeni asiyekujua kipimo chake ni zile nyota na maneno yaliyo chini yake. Kwazo huamua wapi apeleke fedha zake. Basi mwenye kumwambia shemeji yake na marafiki ishirini waandike sifa za chakula wasichokionja, tofauti yake na aliyeficha jiwe chini ya sahani ya mizani ni ipi? Qur'ani ina sura nzima, ya 83, iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Mtu asijidanganye kwamba upunjaji ukipita katika simu hubadilika jina ukawa ujanja wa biashara. Na yule aandikaye uovu wa uwongo juu ya duka la jirani yake, ili wateja wamkimbie, ametoa ushahidi wa uwongo na amekata riziki ya nyumba nyingine.

Wala tusidhani ya kuwa ni jambo dogo. Kwa mwaka 2023 peke yake, Google walisema walizuia au kuyaondoa maoni zaidi ya milioni 170 yaliyokiuka kanuni zao. Serikali nazo zimeamka: Marekani kanuni ya kupiga marufuku maoni ya uwongo ilianza kufanya kazi Oktoba 2024, na Uingereza sheria yao juu ya jambo hili ilianza Aprili 2025. Kanuni za Google zakataza hata kumpa mteja zawadi au kumpunguzia bei ili aandike sifa, na zakataza kuwaomba wale tu waliofurahi huku ukiwazuia walioudhika.

Njia ya halali ni nyepesi. Mteja akisha kuridhika, mwambie: ukipata nafasi, andika uliyoyaona. Mwambie hivyo kila mteja, bila ya kuchagua. Wengi hawataandika, wachache wataandika, na maoni kumi ya kweli yaliyokuja mwaka mzima yana thamani kuliko hamsini yaliyokuja usiku mmoja, kwa sababu msomaji si mjinga, ajua sauti ya binadamu aliyekula pilau na ajua sauti ya aliyeagizwa.

Na likija neno baya, je? Kwanza lisome mara mbili, khalafu lala. Asubuhi jibu kwa maneno machache ya adabu. Kama kosa lipo, likiri na useme utalitengeneza vipi. Kama mteja amekosea, eleza kwa upole bila ya kumtaja mambo yake ya siri, wala deni lake. Kumbuka kuwa jibu lile hulisomi wewe na yeye tu. Watalisoma mamia wasiokujua, nao watakupima kwa hasira yako au kwa subira yako. Neno lenye matusi au uwongo wa dhahiri laweza kuripotiwa ili liondolewe. Lakini neno la kweli lililo chungu haliondolewi, nalo ni nasaha iliyokuja bila ya gharama.

Nasi tulio wanunuzi tunao wajibu wetu. Ukihudumiwa vizuri na mtu mdogo, dakika mbili za kuandika ukweli ni sadaka isiyopunguza mfuko. Ukiudhika, mwendee mwenyewe kwanza. Ukiandika, andika lililotokea, si zaidi. Usitaje kabila lake, wala sura yake, wala mambo ya nyumbani kwake.

Mwisho, jihadharini na walaghai. Watu hupiga simu wakasema: sisi ni Google, ukurasa wako utafungwa leo usipolipa, au, lipa kiasi fulani tutakuweka wa kwanza mji mzima. Tumekwisha kusema kuwa ukurasa ni bure na nafasi haiuzwi. Wako pia wanaotengeneza maduka ya uwongo katika ramani ili kuwanasa wateja. Mwezi wa Machi 2025 Google walikwenda mahakamani huko Marekani juu ya kurasa za namna hiyo, ambazo walisema zapita 10,000. Kwa hiyo hata wewe mnunuzi, usitume fedha kwa jina uliloliona katika ramani tu, kabla ya kuhakikisha.

Wazee wetu, kazi hii yote haizidi nusu saa kwa mwezi. Siku moja baada ya kufunga hesabu, kaa na mwanao au mjukuu wako, fungueni ukurasa wa duka kama mtu mgeni anayelitafuta. Tazameni jina, alama, saa, simu, na maneno ya watu. Tazameni pia kama kuna mtu aliyependekeza mabadiliko, kwani ramani humruhusu mtu yeyote kupendekeza. Nanyi vijana, ujuzi wenu wa simu ni neema. Msiutumie kwa kuchekesha watu tu hali duka lililowasomesha limeandikwa kuwa hufunguliwa usiku wa saa nane.

Duka lina mlango wa mbao ambao wewe huufagia kila asubuhi. Lina na mlango huu wa pili, usioonekana, ambao watu hupita mchana na usiku. Nao wataka kufagiwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na ndimi na vidole visemavyo kweli. Amin.